Namna ya kuipata makala ya utafiti bila kulipa, na kuisoma hadi ujue inasema nini

Maswali ni yale yale kila muhula unapoanza, na kila habari ya "wanasayansi wamegundua" inapozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nitaipata wapi makala yenyewe? Mbona ukurasa unadai dola thelathini na kitu? Nianzie wapi kusoma, maana aya ya kwanza tu imenishinda? Na nitajuaje kama haijachakachuliwa?

Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi wa diploma au mwaka wa kwanza chuoni, mwandishi wa habari, muuguzi, mwalimu, au mtu yeyote aliyechoka kuambiwa "utafiti unaonyesha" bila kuonyeshwa utafiti. Mifano yote ni ya kweli: mingine ya tiba, mmoja wa uhandisi, mingine ya sayansi ya jamii. Nimeichanganya makusudi kwa sababu kila fani ina mahali pake pa kutafutia na mitego yake.

Kabla hujaanza

Uwe na haya:

- Simu janja au kompyuta. Simu inatosha kutafutia, ila kusoma majedwali kwenye kioo kidogo ni adhabu. Kama huna kompyuta, pakua PDF kisha uchapishe kurasa zenye majedwali tu.
- Bando la kawaida. Makala nyingi hazizidi MB chache.
- Daftari, kalamu na kikokotoo. Kile cha kwenye simu kinatosha.
- Maneno ya kutafutia kwa Kiingereza. Utake usitake, sehemu kubwa ya majarida yanaandikwa kwa lugha hiyo, na ukitafuta kwa Kiswahili utaambulia habari za magazeti.
- Programu ya Zotero, kama una kompyuta. Ni ya bure, inatunza makala zako na kukuandikia marejeo.
- Muda. Makala ya kwanza itakula saa mbili. Ya kumi utaimaliza kwa dakika arobaini.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua kivinjari

"Chanjo ya malaria inafanya kazi?" ni swali la kijiweni. Swali linalotafutika ni hili: chanjo ya R21 inapunguza malaria kwa watoto wa umri gani, kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Andika kwenye daftari mistari minne: waliochunguzwa ni nani, walifanyiwa nini, walilinganishwa na nani, na kilichopimwa ni kitu gani. Mistari hiyo acha wazi kwa sasa. Utaijaza ukifika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Tafuta mahali panapofaa

Google ya kawaida itakuletea blogu na matangazo. Nenda moja kwa moja hapa:

Kwa tiba na afya, anza na PubMed, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Andika "R21 malaria vaccine phase 3" kisha upande wa vichujio uchague "Free full text". PubMed ni orodha tu. Makala nzima zilizo huru zinakaa kwa ndugu yake, PubMed Central.

Kwa fizikia, kompyuta na baadhi ya matawi ya uhandisi, kuna arXiv, iliyoanza mwaka 1991. Kila kilichomo ni bure, lakini hakijapitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuwekwa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kwa uchumi na sayansi ya jamii, jaribu SSRN na RePEc. Kwa majarida yanayochapishwa Afrika, ambayo Google huyazika chini kabisa, ingia African Journals Online, maarufu kama AJOL. Ukitafuta jambo la Morogoro au Kisumu, humo ndimo lilimo.

Google Scholar inafaa kwa fani zote, na ndiyo nyepesi kuliko zote kwa anayeanza. Shida yake ni moja: inachukua kila kitu kinachofanana na makala, hadi majarida ya kitapeli. Kwa hiyo usiruke hatua ya 4.

Hatua ya 3: Ipate makala nzima bila kulipa

Fuata mpangilio huu, usianze na wa mwisho.

Kwanza, kwenye Google Scholar angalia kama pembeni ya jina la makala kuna neno PDF. Kama halipo, bonyeza "All versions". Mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake kwenye tovuti ya chuo chake.

Pili, nakili namba ya DOI. Ni namba ya utambulisho wa makala, ile inayoanza na 10 kisha nukta, na karibu kila makala ya maana ina ya kwake. Ukiwa na kompyuta, weka kiendelezi cha Unpaywall kwenye Chrome au Firefox. Kinatafuta nakala halali ya bure, na ikipatikana alama ya kufuli pembeni inageuka kijani.

Tatu, muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kuhusu Research4Life. Mpango huu, ambao sehemu yake ya afya inaitwa Hinari na ilianza mwaka 2002, unazipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Akaunti ni ya taasisi, si ya mtu binafsi, ndiyo maana ukijaribu kujisajili mwenyewe unagonga mwamba. Inashangaza ni wanafunzi wangapi wanamaliza chuo bila kujua kwamba nywila iko mezani kwa mkutubi.

Nne, mwandikie mwandishi. Barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano iko kwenye ukurasa wa makala hata kama makala yenyewe imefungwa. Sentensi tatu zinatosha: wewe ni nani, unaomba makala ipi, asante. Kwa kawaida mwandishi hapati senti kwenye zile dola thelathini, na wengi hufurahi kuombwa.

Tovuti za maharamia zipo, na unazijua. Sizielekezi hapa kwa sababu zinavunja hakimiliki, na njia nne hizo zikitumiwa kwa subira huwa hazikuachi mikono mitupu.

Hatua ya 4: Kagua makala kabla ya kuisoma

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Jiulize mambo matatu.

*Je, imepitiwa na wataalamu wengine?* Tarehe 22 Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini waliweka arXiv makala kuhusu madini waliyoyaita LK-99. Walidai yanapitisha umeme bila ukinzani wowote hata kwenye joto la chumba, jambo ambalo lingegeuza uhandisi wa umeme juu chini. Mitandao ikawaka. Maabara za nchi mbalimbali zikatengeneza madini hayo hayo na kupima. Kufika katikati ya Agosti jibu lilikuwa limejulikana: mshuko wa ukinzani ulioonekana ulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba uliobaki ndani ya sampuli, na kule Stuttgart, Ujerumani, walipotengeneza fuwele safi, ilizuia umeme badala ya kuupitisha. Hakuna aliyevunja sheria. Makala ilikuwa mahali pa makala ambazo hazijapitiwa, na waliokurupuka ni wasomaji. Ukiona arXiv, bioRxiv, medRxiv au neno "preprint", andika juu ya daftari lako: BADO.

*Je, imefutwa?* Kupitiwa nako si kinga. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapa makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Uviko-19, ikidai data ya wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Wasomaji makini waligundua kwamba vifo vilivyoandikwa kwa Australia, 73, vilikuwa vingi kuliko vyote ambavyo nchi nzima ilikuwa imetangaza kufikia tarehe hiyo. Kampuni iliyotoa data ilikataa kuifungua ikaguliwe, na tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne wakaiondoa makala. Nakala ya PDF iliyopakuliwa kabla ya siku hiyo haina muhuri wowote wa kufutwa, na bado inatumwa. Kwa hiyo usiamini PDF uliyotumiwa: fungua ukurasa wa jarida lenyewe, au tafuta jina la makala kwenye Retraction Watch Database, ambayo ni bure. Zotero nayo hukuonya yenyewe ukiweka makala iliyofutwa.

*Je, jarida ni la kweli?* Jarida la kitapeli linajulikana kwa kuahidi kukubali makala ndani ya siku chache, kuchapisha kila fani chini ya paa moja, na kutotaja wahariri au kuwataja bila wao kujua. Angalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure. Ila usilikatae jarida kwa sababu tu linatoza waandishi ada. Malaria Journal linatoza, na ni jarida la heshima.

Hatua ya 5: Soma kwa mpangilio wako, usifuate wa makala

Anayeanza husoma kuanzia utangulizi hadi hitimisho, na hulala ukurasa wa tatu. Wewe fanya hivi: ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo, "abstract"), kisha jedwali la kwanza, kisha mbinu, kisha matokeo, kisha aya ya mapungufu, kisha mstari wa fedha. Utangulizi na mjadala vitakuja mwishoni, kama bado una nguvu.

Tuichukue makala ya chanjo ya R21 iliyotoka The Lancet mwaka 2024, tujaze ile mistari minne.

Nani? Watoto wa miezi 5 hadi 36, katika maeneo matano: Nanoro na Dandé nchini Burkina Faso, Bougouni nchini Mali, Kilifi nchini Kenya na Bagamoyo nchini Tanzania. Waliopata dozi ya kwanza ni 4,878.

Walifanyiwa nini? Dozi tatu za R21, na ya nyongeza mwaka mmoja baadaye.

Walilinganishwa na nani? Hapa ndipo penye roho ya utafiti. Watoto waligawanywa kwa kura, wawili kwenye R21 kwa kila mmoja kwenye kundi la kulinganishia, na hilo la pili lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa nini si maji matupu? Kwa sababu mtoto aliyekubali kuchomwa sindano naye apate cha kumfaa, na mzazi asijue mwanawe yuko kundi gani.

Kilipimwa nini? Muda hadi mtoto anapougua malaria kwa mara ya kwanza, ndani ya miezi 12 baada ya dozi ya tatu. Soma mstari huo tena. Hawakupima vifo kama swali kuu, na idadi ya watoto haikutosha kulijibu. Mtu akikuambia "utafiti ule ulithibitisha chanjo inapunguza vifo kwa asilimia fulani", hajausoma.

Sasa matokeo. Gazeti liliandika asilimia 75. Ukifungua makala unakuta namba mbili: 75 kwa maeneo ambayo malaria huja kwa msimu na chanjo ilitolewa kabla ya mvua, na 68 kwa maeneo ambayo malaria ipo mwaka mzima na mtoto alichanjwa kulingana na umri wake tu. Kilifi na Bagamoyo ziko kwenye kundi la pili. Msomaji wa pwani aliyebeba ile 75 amebeba namba ya Nanoro na Bougouni.

Pembeni ya 68 kuna mabano yenye 61 na 74. Hayo ni masafa ya uhakika ("confidence interval"): makisio yao ni 68, lakini data inaendana na ukweli wowote kati ya 61 na 74. Masafa membamba ni dalili njema. Yakiwa mapana, au yakigusa sifuri, basi huenda hakuna kilichotokea kabisa, hata kama kichwa cha habari kinapiga vigelegele.

Kosa linalojirudia: kudhani asilimia 68 ina maana watoto 68 kati ya 100 hawataugua na 32 wataugua. Sivyo. Maana yake ni kwamba kuugua kulipungua kwa asilimia 68 *ukilinganisha na waliokosa chanjo*.

Mwisho, fedha. Moja ya wafadhili ilikuwa Serum Institute of India, na ndiyo inayotengeneza chanjo hiyo. Hilo halibatilishi utafiti, kwani kampuni hulipia majaribio mengi ya dawa duniani. Linakutaka tu usome mbinu kwa jicho kali zaidi.

Hatua ya 6: Piga hesabu mwenyewe

Chukua kikokotoo. Jaribio la chanjo ya Uviko-19 ya Pfizer na BioNTech, lililochapwa Desemba 2020, lilikuwa na wagonjwa 8 kati ya watu 18,198 waliochanjwa, na 162 kati ya 18,325 waliopewa sindano bandia.

Gawa 8 kwa 18,198: unapata karibu asilimia 0.04. Gawa 162 kwa 18,325: karibu asilimia 0.88. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata kama 0.05, yaani waliochanjwa walibaki na sehemu moja tu kati ya ishirini ya hatari ya wenzao. Ndiyo ile asilimia 95 iliyotangazwa. Lakini ukitoa moja kwenye nyingine, tofauti ni 0.84 tu. Mwaka 2021 kuna waliosambaza namba hiyo ya pili wakidai "chanjo inafanya kazi chini ya asilimia moja". Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inasema chanjo inakata hatari kiasi gani. Ya pili inategemea hatari ilikuwa kubwa kiasi gani mahali pale kwa muda ule, na muda ulikuwa kama miezi miwili tu. Virusi vikizunguka zaidi, ile 0.84 inapanda huku 95 ikibaki karibu pale pale.

Kila ukiona "imepunguza kwa nusu" au "imeongeza mara mbili", tafuta namba mbichi. Kutoka watu wawili hadi mmoja kati ya laki nayo ni nusu.

Hatua ya 7: Kwenye sayansi ya jamii, uliza kundi la kulinganishia limetoka wapi

Watu huwezi kuwagawia M-Pesa kwa kura. Ndiyo maana makala ya Tavneet Suri na William Jack iliyotoka jarida la Science mwaka 2016 ilipita njia ya kuzunguka: waliangalia mawakala waliongezeka kiasi gani karibu na kila kaya, kisha wakalinganisha kaya hizo miaka iliyofuata. Makisio yao ni kwamba kaya 194,000 za Kenya, asilimia 2 hivi, zilitoka kwenye umaskini uliokithiri. Swali la kuuliza linajitokeza lenyewe: je, mawakala hawakufungua vibanda pale ambapo hela ilikuwa tayari imeanza kuzunguka? Waandishi wanalijibu ndani ya makala. Soma jibu lao, uamue kama linakutosha.

Kisha bonyeza "Cited by" kwenye Google Scholar uone nani amebisha. Utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, uliochapwa na Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004, ulidai utoro ulipungua kwa robo. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia hesabu kwa data ile ile wakakuta makosa, hasa kwenye makadirio ya faida kwa shule za jirani. Waandishi walikubali kulikuwa na makosa ya hesabu ila wakashikilia hitimisho lao kuu. Ugomvi ulikuwa mkali hadi ukaitwa vita vya minyoo. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na bado mabishano hayajafungwa. Ukisoma makala ya 2004 peke yake utadhani jambo limekwisha.

Hatua ya 8: Andika mistari mitano

Funga makala. Bila kuangalia, andika: walichunguza nani, walilinganisha na nani, walipata nini kwa namba, udhaifu mkubwa ni upi, na wewe bado una swali gani. Ukishindwa mstari wa pili, rudi kwenye mbinu. Usinakili ikisiri. Mwalimu anaitambua, na wewe hujajifunza kitu.

Ukikwama

*Habari imesema "utafiti" bila kutaja jina.* Tafuta jina la chuo, mada na mwezi kwa Kiingereza. Ukikosa jina la jarida wala la mtafiti hata mmoja, achana nayo, na usiisambaze.

*ChatGPT imenipa marejeo ambayo siyaoni popote.* Programu hizi hubuni makala zenye majina ya kuvutia na waandishi wa kweli. Bandika DOI kwenye doi.org. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, futa.

*Takwimu zimenizidi.* Usizipiganie zote. Tafuta idadi ya washiriki, tofauti kati ya makundi, na masafa ya uhakika. Zaidi ya hapo muulize mwalimu wa takwimu ukiwa na ukurasa mkononi na swali moja, siyo "sielewi chochote".

*Tafiti mbili zinapingana.* Linganisha ile mistari minne ya kila moja. Mara nyingi utakuta watu si wale wale, au kilichopimwa si kile kile. Kwa tiba, angalia kama Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, wamefanya mapitio ya tafiti zote kwa pamoja. Muhtasari wao kwa lugha nyepesi ni bure.

*Nimesoma kuhusu dawa ninayotumia.* Usiache wala usibadilishe dozi kwa makala moja. Ichapishe, ipigie mstari sehemu inayokuhusu, nenda nayo kwa daktari.

*Makala yote ni ya kulipia na mwandishi hajajibu wiki mbili.* Mwandikie mwandishi wa pili au wa tatu kwenye orodha. Mara nyingi ni vijana wanaosoma shahada ya uzamivu, na hao ndio hujibu siku hiyo hiyo.